Taa ya Injini Aliyoing'oa Eliamini

Same, Jumatano. Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi kwenye sukari. Nimekaa kwenye kafe ya intaneti jirani na stendi, naandika haya.

Naona kinyaa. Nimeanza na hilo ili nisije nikajifanya mstaarabu huko mbele.

Kwa asiyenijua, mimi nauza tangawizi. Naifuata milimani kwetu, juu ya kijiji cha Kisiwani, kwa gari langu dogo la mtumba kutoka Japani, naileta sokoni hapa Same. Huko juu ndiko anakoishi mama yangu, mwenye kisukari na kidonda cha mguu kinachotaka kusafishwa hospitali huku chini. Gari nililinunua kwa ajili ya tangawizi, lakini mwaka huu limekuwa gari la mguu wa mama.

Mwezi uliopita injini ilianza kukohoa. Nikampa Eliamini, mtoto wa mama mdogo, fundi wa ukoo mzima. Ukimpelekea gari fundi mwingine, Upare wote utajua kwamba umemdharau ndugu yako. Akafungua, akabadilisha alivyobadilisha, akafunga. Nilipowasha, taa ya njano ya injini ikawaka na haikuzimika.

"Dada, hiyo taa ya Wajapani ni ya woga," akaniambia. "Inaogopa mpaka vumbi la Same. We endesha tu."

Sikuendesha. Nikatuma ujumbe nyumbani kwamba sipandi mlima hadi taa izimike. Eliamini akalichukua tena gari, akalirudisha taa imezimika. Nilimshukuru, nikamnunulia soda na maandazi. Nikiyakumbuka yale maandazi natamani ayatapike.

Jumatatu nikamfuata mama. Kupanda kulikuwa shwari. Wakati wa kushuka, kwenye kona yenye bonde upande wa kushoto, injini ikazimika kimya kimya. Usukani ukawa mzito, breki nayo ikawa ngumu kama nakanyaga jiwe. Mama alikuwa pembeni yangu, ameunyoosha mguu wenye bandeji. Nililivuta gari kwa mabega yote mawili, nikalibamiza kwenye ukingo wa mlima. Likasimama.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa anasali kwa Kipare.

Watu waliokuwa wakipalilia shamba la juu yetu walikuja mbio kuweka mawe mbele ya magurudumu. Tukashuka kwa lori la mbao, nikamfikisha hospitali, kisha nikampeleka kwangu, na hapo ndipo alipo mpaka sasa.

Jana gari lilivutwa hadi kwa fundi mwingine hapa mjini, na Upare wote ujue ukitaka. Akageuza ufunguo bila kuwasha. Taa za dashibodi zikawaka zote kwa pamoja, kama inavyotakiwa, isipokuwa ile ya injini. Akafungua dashibodi. Balbu haikuwapo, ilikuwa imeng'olewa. Chini kwenye injini akakuta waya wa sensa, kile kifaa kinachopima mwenendo wa injini, umebanwa wakati wa kufunga, umechunika, unagusa chuma. Huo ndio ulioizima injini. Taa ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza.

Mtu kaharibu kwa mikono yake, kang'oa kinachomsema, halafu kanywa soda yangu.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la ushirika miaka ile ya uhaba, wakati hata tairi lilisubiri kibali. Fundi aliyefunga soksi ya nailoni badala ya mkanda wa feni alisifiwa, kwa sababu mkanda haukuwapo. Wale nawaheshimu. Sasa milango ya biashara imefunguliwa, maduka yamejaa spea za kweli na za uongo, na bado tunatengeneza kama soksi ndiyo pekee iliyobaki. Mradi litembee. Neno hilo linanichefua kuliko harufu ya oili iliyoungua.

Jioni nilimfuata Eliamini gereji kwake. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, nami ng'ombe nilishamchagua. Nilimwambia yote mbele ya wateja wake. Hakukana. Alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mama mkubwa ndiye aliyeniagiza, dada. Kamuulize."

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa anachambua maharage ya makande, na nilipomuuliza hakuinua kichwa.

"Ndiyo, nilimwambia aitoe. Ulisema hupandi mpaka izimike. Mguu ulikuwa umeanza kunuka, mwanangu. Ningekungoja mpaka lini?"

Makande yalipoiva, yalinishinda kula.

Eliamini bado namwona mchafu. Mama hajui waya wala sensa, alijua mguu wake tu. Yeye fundi alijua, akanikabidhi ufunguo, akajua ni nani nakwenda kumpakia. Mama yangu ni mama yake pia, kwa desturi yetu. Kesi ya ukoo nitaiitisha, na wazee wakiniambia nimsamehe kwa kuwa alitumwa, nitawaomba washuke naye ile kona.

Lakini hasira niliyo nayo kwa mama sijui niiweke wapi. Mama hatukanwi. Nimeimeza, na imekaa vibaya.

Leo asubuhi nimemuuliza mguu unaendeleaje. Akajibu haraka, anatabasamu, kwamba hauumi hata kidogo.

Simwamini tena. Kesho tunarudi hospitali, na safari hii sitamsubiri kwenye benchi. Nitaingia naye, nisimame palepale bandeji inapofunguliwa.