Vidonge Juu ya Kabati

Dada yangu,

Salamu. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na lile goti limekuachia kidogo. Mimi nipo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ukianza kulia nashindwa kumaliza.

Uliniuliza hospitali walisema nini, nikakujibu ni uchovu. Si uchovu. Daktari alisema moyo wangu kuna wakati unapoteza mpigo, unakimbia ovyo, halafu unarudi wenyewe. Akanipa vidonge vya kuupunguzia mbio. Nimeze kila siku, hata siku umetulia. Nikamwambia mimi simpikii mgeni ambaye hajaja. Hakucheka. Akasema, "Mzee, huyu mgeni hapigi hodi. Atakukuta juu ya ngazi."

Kazi ni ile ile, kupandisha zege kwa ndoo. Vijana wananiita Injini. Nikisimama kushika kifua wanasema Injini imezima, isukumwe. Nacheka nao.

Juzi nilikuwa juu ya jukwaa navuta kamba. Moyo ukaanza. Macho yakaingia giza, kamba ikanitoka. Ndoo na zege lake ikatua karibu na miguu ya fundi wetu. Angeinama tu, tungekuwa tunamzika. Alinitukana mpaka akachoka. Kisha akaniletea maji, akaniuliza kama nameza dawa. Nikasema nameza.

Dada, simezi. Sikusahau, wala hazijaisha. Zipo juu ya kabati. Tangu tumzike wifi yako sisikii kitu, uchungu wala furaha. Sikulia, uliona mwenyewe, watu wakasema nimejikaza. Sikujikaza. Ndani hakukuwa na kitu cha kulia. Chakula nakula kama najaza gunia. Lakini moyo ukikimbia, naogopa. Angalau naogopa. Nikimeza vile vidonge unatulia, nabaki nimekaa kitandani naangalia ukuta. Ndiyo maana niliacha.

Sasa, yule fundi ana mke. Jioni mkewe humpigia simu kuuliza amefika wapi. Siku ile ya ndoo nilikuwa nimesimama karibu, nikamsikia anamjibu yuko njiani.

Leo nimemeza. Moyo umetulia, na sisikii kitu. Kesho nitameza tena. Ukipiga simu usiniulize naendeleaje. Niulize kama nimemeza. Wewe sitakudanganya.

Shemeji na watoto wote wapate salamu zangu. Goti lipake dawa.

Ni mimi,
mdogo wako.