Mto Rhine na Radhi ya Ustadh

Baba yangu,

Leo Ustadh wa jiografia kauchora mto Rhine ubaoni, mstari kwa mstari, nami nikimtajia. Nakuandikia kabla furaha haijapoa. Ni furaha mbaya, nnajua. Usinigombe.

Tangu ututoke, mama yumo edani, na mimi nnalalia kitanda chako. Skuli, huku ng'ambo kwa Waarabu, bado waniita Zinjibari, yaani mtu wa Unguja, na bado nnayameza maneno yangu. Lakini ile siku uliyokuja kuomba kazi ya kusomesha sijaisahau. Ustadh alikujaribu mbele yetu: "Rhine inaingilia wapi baharini?" Ukamjibu kwa Kiarabu chako cha Unguja kwamba ikifika Uholanzi inagawika matawi, na maji yake mengi hupita kwenye tawi liitwalo Waal. Akacheka mpaka akafuta macho. "Mto mkubwa kama huo upoteze jina lake? Labda huko kwenu kwenye karafuu!" Darasa zima likacheka. Nami, baba, nilitazama chini.

Kazi hukupewa. Wewe, mwalimu wa miaka yote ile Unguja, ukaishia kuandika alama za magunia ghalani, bandarini Matrah, mpaka moyo ukasimama.

Mto ule wewe ulinifundisha juu ya mkono wangu. Begani milima ya Uswisi. "Hapa kiwikoni Basel, unapinda kwenda kaskazini. Na vidole hivi Uholanzi, kila kimoja na jina lake. Wacha kucheka, unautikisa mto!"

Sasa sikiliza. Ustadh anakwenda Hija. Wiki iliyopita alipita nyumba kwa nyumba akitaka radhi, kama afanyavyo kila aendaye Makka. Akafika mlangoni kwetu. "Mwanangu, kama niliwahi kumkosea marehemu, nisamehe."

Kama!

Mama akasema kutoka ndani, "Mpe radhi, mwanangu, mtu yumo safarini." Lakini mimi nilisema: "Ulimkosea darasani, Ustadh. Njoo uitake darasani."

Nilidhani atanipiga. Kumbe kwenda Hija na deni la mtu kulimwelemea kuliko nilivyojua. Leo asubuhi kaja na atlasi, kaifungua mwenyewe. Waal imo. Nikamwomba achore. Nikamtajia: Ziwa Konstanz, maporomoko ya Schaffhausen, Basel, Strasbourg upande wa Ufaransa, Mainz, kisha bonde jembamba baina ya milima, Koblenz unapopokea Moselle, halafu Köln. Kufika Uholanzi chaki ikamkatika. Nikampa nyengine. "Matawi, Ustadh." Akayachora yote. Akawageukia wanafunzi: "Baba yake alisema kweli. Asiyejua nilikuwa mimi." Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka wacheke.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama sasa nimemridhia.

"Langu nimekusamehe," nikamwambia. "La baba si langu kulitoa. Mtaonana naye Siku ya Kiyama."

Uso ulimsawijika. Akakusanya vitabu vyake akatoka, na kengele bado. Mama sijamwambia. Atalia, na pengine atakuwa na haki. Lakini jambo hili ni lako, baba, nami sikutaka kuligawa kwa mtu kwa sababu tu amefunga mizigo.

Basi lala salama, Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuahidi ntasoma mpaka niwe mwalimu skuli ile ile. Watoto wa Ustadh watakuja kukaa mbele yangu. Ntawasomesha Rhine nzima, kwa upole, na ntawatajia jina la aliyenisomesha.

Mwanao