Mlango Uko Wazi, Paulina Hatoki

Jumatatu, 7 Juni 1909

Naanza leo. Nimejiwekea nadhiri: kila kitu nitakiandika humu, hata cha aibu, hata nisichokielewa.

Ukungu tangu asubuhi. Tumepukuchua mahindi. Tumejifunza nyimbo za Alhamisi, sikukuu ya Mwili wa Bwana. Paulina hakuimba. Alikataa kwenda mtoni kufua, akakataa kanisani. Alilala amejifunika shuka gubigubi, uso ukutani. Sista Klara akamwuliza ana nini. Kimya. Akamwuliza tena. Kimya. Sikuelewa. Paulina hajapata kukataa kitu. Ndiye anayenifinya nikisinzia kwenye hesabu.

Sista akamshika mkono, akampeleka ghalani, akatia komeo.

Iko amri ya Mama Mkuu, imebandikwa mlangoni pa bweni. Mimi huwasomea wadogo. Mwanafunzi asipigwe. Asifungwe kamba. Akikaidi awekwe ghalani peke yake, apewe chakula na maji, afunguliwe kabla jua halijatua. Ni amri nzuri. Nasikia huko chini mjini wavulana wanachapwa viboko.

Sista ameifuata. Jua likielekea kutua, akafungua.

Paulina hakutoka.

Jumanne, 8 Juni

Bado yumo. Mlango uko wazi kabisa, kuku wanaingia na kutoka. Yeye amekaa pembeni, kichwa kimefunikwa. Sista anataka neno moja tu, nisamehe. Halipati.

Nimeisoma ile amri upya. Haisemi lolote juu ya mtu aliyefunguliwa asitoke. Basi imevunjwa, au haijavunjwa? Na ikiwa imevunjwa, na nani?

Nilimpelekea uji. Akanong'ona nisimwangalie usoni. Kisha akaniambia. Jumapili amevunja ungo. Alikuwa akijificha kama inavyopasa, hana wa kumwambia. Halafu mwanamke mzima akaja, akamshika mkono, akamwingiza chumbani, akafunga mlango.

"Sasa mimi ni mwali," akasema.

Nikamwambia Sista hajui hayo. Ile ni adhabu.

"Iwe adhabu. Nimeshaingia. Mwali hajitoi."

Uji ameuacha.

Naandika ninavyojua. Kwetu Uluguru msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Haonekani, hasemi kwa sauti, wakubwa wanamfunda, mpaka siku watakapomtoa wao. Bibi husema anayejitoa mwenyewe hatashika mtoto tumboni. Baba ni katekista, anasema hayo ni giza. Sista naye anasema ni giza, kumfungia binti ndani. Lakini Sista huyo huyo amemfungia binti ndani.

Kwa bibi ukiwekwa ndani umeheshimiwa. Hapa ukiwekwa ndani umekosa. Komeo ni lile lile. Sielewi.

Jumatano, 9 Juni

Siku mbaya.

Sista alileta wasichana wawili wakubwa wamvute. Paulina alikumbatia mguu wa kichanja cha mahindi. Wakavuta, ngozi ya kiwiko ikachubuka, hakulia. Sista akaokota kamba ya kufungia mizigo. Akaitazama. Akairudisha chini. Nilimpenda wakati ule, na nilimchukia.

Amesema Mama Mkuu atarudi Jumamosi kutoka Dar es Salaam kwa gari moshi. Akimkuta Paulina humo, Paulina atarudishwa juu zaidi mlimani kwa mjomba wake na hapokelewi tena. Huko hakuna shule. Paulina anataka kuwa mwalimu wa wadogo. Hana ndoto nyingine. Na ameshaanza kukohoa. Sakafu ya ghala ina maji.

Nikajikaza nikamfuata Sista.

"Sista, Paulina yuko ndani."

"Najua yuko ndani, Monika. Nimemwingiza mimi."

Nikasema, ndani kama kwetu. Akauliza, kwenu kuna nini. Ulimi ukafa. Mambo ya mwali hayasemwi mbele ya asiyewekwa ndani. Sista hajawekwa. Na mimi sijawekwa, nitayasemaje? Nikasema hakuna kitu, Sista. Mimi ni mwoga. Nimeliandika.

Nikaenda jikoni kwa Mama Tekla, mpishi wetu. Nikampa shikamoo yake. Kumbe anajua tangu jana.

"Uji wangu umerudi kwa kuwa una chumvi, mtoto. Mwali hali chumvi. Leo nimempelekea usio na chumvi, kamaliza bakuli."

Nikamwomba amtoe. Akaruka kama amekanyaga kaa la moto. "Mimi? Maji ya ubatizo hayajanikauka kichwani! Usinitafutie makubwa na hawa."

Akamenya magimbi. Mimi nikakaa tu. Hatimaye akasema, kama anayesema na sufuria:

"Hatoki kwa miguu yake. Hubebwa. Mguu usiguse kizingiti. Anafunikwa nguo safi. Na watu waimbe, vigelegele visikike ng'ambo ya bonde. Sasa hapa kwa masista vigelegele utavipata wapi?"

"Kesho," nikasema.

Akanitazama. Kisha akacheka mpaka kisu kikamponyoka.

Alhamisi, 10 Juni

Nitajaribu kwa mpangilio.

Baada ya Misa, maandamano. Padre mbele na Ekaristi chini ya mwavuli wa hariri, wadogo wakimwaga maua, wasichana wote na shela nyeupe kichwani. Njia inapita mbele ya ghala. Nilijiweka mwisho wa mstari. Wakubwa hawakunitazama, hakuna anayegeuka nyuma siku hii.

Nikaingia. Nikavua shela yangu, nikamfunika. Nikasema, nimekuja kukutoa. Akauliza kwa kunong'ona, nani amekutuma? Nikasema Mama Tekla. Ni kweli kidogo.

Nikainama akapanda mgongoni. Paulina ni mkubwa kuliko mimi. Kwenye kizingiti nikasimama, niliogopa kuanguka, na kama ningeanguka hapo sijui tungekuwa tumefanya nini. Alikuwa na joto kama chungu cha motoni. Wimbo ukafika kwenye kiitikio. Nikaruka.

Hapo kigelegele kikatoka jikoni. Kimoja, kirefu. Kisha wanawake wa kijijini walioandamana wakakidaka, vikaujaza mlima. Nadhani walidhani ni kwa ajili ya Ekaristi. Au baadhi yao waliona. Bibi mmoja alimtazama mwenye shela mgongoni mwangu, akatoa kigelegele cha pili akitazama huko huko.

Wimbo ulikuwa wa kanisa. Sijui nyimbo za kumtoa mwali, sijafundwa. Niliimba nilichokijua.

Sista Klara akageuka. Akatuona. Nikafikiri, basi, tumekwisha. Akaja mbio, akamshusha Paulina, akamkumbatia, akalia. Alisema Mungu amemgusa moyo, amekuja mwenyewe kwa Bwana na ametubu.

Hakuja mwenyewe. Ndilo jambo lenyewe, kwamba hakuja mwenyewe.

Je, nimetenda dhambi? Ya kwanza, nimefanya mambo ya giza mbele ya Ekaristi. Ya pili, nimefanya mambo ya bibi bila ruhusa ya bibi. Sijui ipi nikaiungame. Moyo wangu unafurahi, na hilo nalo linanichanganya.

Jumamosi, 12 Juni

Mama Mkuu amerudi. Paulina yuko kitandani, amepewa dawa. Hatarudishwa. Sista mwenyewe alimwombea.

Mama Mkuu akaniita chumbani kwake. Alikuwa ameshasikia mengi, nadhani kwa Mama Tekla, maana chumba kilikuwa kikinukia moshi wa jikoni. Akaniambia nisimulie. Safari hii ulimi haukufa. Nilimwambia yote, na kichanja, na kamba iliyorudishwa chini. Akauliza kwa nini sikusema mapema. Nikasema sikujua kama ni langu la kusema. Alitazama nje, mawinguni, upande wa Morogoro.

Akasema, "Na mimi niliiandika amri ile nikidhani nimewaza kila kitu."

Hakunipa adhabu. Nilingoja anipe. Ningeelewa.

Jioni fundi akaling'oa komeo la ghala. Karatasi ya zamani imebanduliwa. Mpya ina mistari miwili: mwanafunzi asifungiwe popote; na msichana akinyamaza, aitwe Mama Tekla aulizwe kwanza. Mama Tekla amejifanya hajui kusoma ili nimsomee mbele ya watu. Nimemsomea mara nne.

Jumapili, 13 Juni

Jua limetoka. Ukungu umebaki mabondeni tu.

Homa imeshuka. Paulina amekula maharage, yenye chumvi. Tumekaa barazani, nimemsuka. Tangu Alhamisi hajamtazama mtu usoni. Leo amenitazama mimi, kidogo, kisha akaangalia mikono yake.

Ameuliza kama ametoka kweli.

Nikasema ndiyo. Kisha nikasema sijui. Wimbo haukuwa wenyewe. Aliyembeba ni mimi, sijawekwa ndani. Hakufundwa lolote mle ndani, alikaa tu na kuku na mahindi. Na siku yangu mimi haiko mbali, sijui nani atanishika mkono, wala mlango gani.

Yule mama anayetuletea ndizi atapanda kesho kupitia kijiji cha bibi, na atashuka tena Jumatano. Nitamkaririsha maneno haya, ayashike kichwani, bibi hasomi. Nimeyaandika hapa kwanza yasipotee:

Shikamoo bibi. Mwali aliyetolewa na mtu asiyewahi kuwa mwali, ametoka, au bado yumo ndani anatungoja? Nijibu kwa huyo huyo mama wa ndizi.