Notisi Tatu kwa Jina la Marehemu

Kisii, 14 Juni 1996

Kwako Shangazi Akumu,

Natumai magoti yamepata nafuu. Huku mvua haikatiki, na mahindi mabichi ya Nyansiongo yamejaa sokoni.

Shangazi, serikali imeichukua nyumba ya marehemu mumeo ya hapa mjini kwa kodi ya ardhi isiyolipwa. Notisi zote tatu nilizipiga chapa mimi, hapa ofisi ya ardhi ninakofanya kazi, kwa jina lake, nikazituma kwenye sanduku lake la posta ambalo halijafunguliwa tangu tumzike. Nilimwambia karani mkuu kwamba amefariki. Akacheka: "Kijana, rejista inasema yu hai. Wewe ni nani umuue?" Nikaogopa kufutwa kazi, nikanyamaza, hata kwako.

Mnada ni baada ya siku kumi. Njoo na cheti cha kifo. Nitasema mbele ya wakuu wa ofisi kwamba nilijua.

Mwanao mwenye aibu,
Oyugi