Mkate Unaonukia Reli

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijapasuka. Mimi ni Mkasai niliyeolewa na mwanaume wa hapa Kamina, na kwa miaka minane mama mkwe wangu, Mama Numbi, aliniita "ule wa Kasai" hata nikiwa nimesimama mbele yake, mpaka sisi wanawake wa mtaa tulipopewa karakana ya zamani ya reli, tukafukuza popo, tukaziba paa, tukajenga tanuri la mkate, yeye akawa présidente wetu, na kuni zilipotushinda ni mimi niliyesema tukate miti ya nini wakati nyuma ya karakana kuna lundo la mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli, makavu, tena ya bure! Yanawaka ajabu, wateja wanasifu harufu ya mkate wetu, na Mama Numbi alinishika bega mbele ya wote akasema, "Mutoto yangu, weye uko na akili." Nililia, mshauri. Sasa juzi mzee Émile, aliyefanya kazi kwenye karakana hiyo ujanani, alikuja kununua mkate, akaona kuni, akaurudisha. "Mama, ile miti tulikuwa tunatia dawa ya kuua muchwa. Iko sumu. Ndiyo munapikia nayo mukate?" Nimemwomba anyamaze. Je, nibadilishe kuni kimyakimya, nibaki kuwa mtoto wake?
Mbelu, Kamina

Mbelu,
Kwenye popo nilicheka, kwenye tanuri nikaacha. Ulipoanza hukujua, na kuihurumia miti lilikuwa wazo zuri. Lakini tangu juzi unajua, na tanuri bado linawaka? Watoto wa mtaa wanakula moshi wa dawa ya mchwa ili wewe uitwe jina tamu. Aibu, mama!

Zimeni leo hii. Matofali ya ndani yaliyokunywa ule moshi yatolewe, na majivu yasimwagwe kwenye bustani ya mtu. Magunzi ya mahindi yanatupwa tele njia ya Kaniama, pikieni hayo. Kimyakimya sitaki kusikia: jirani ataokota gogo hilohilo akapikie bukari, ugali wa wanawe.

Nenda kwa Mama Numbi kabla ya mkutano wenu wa wanawake, pamoja na mzee Émile, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe. Kisha yeye awatangazie wateja, wewe ukiwa kando yake. Atafoka, tena sana. Mwache. Ungekuwa bado ule wa Kasai angekununia tu; anayefokewa ni mtoto.

Na tafadhali, unapokwenda kwake usimpelekee ule mkate.
Mama Feza