Kaka Twalib, Wamerudi Kuchukua Mawe

Kaka yangu mpendwa Twalib,

Shikamoo. Sisi huku Takaungu tu wazima, ila utulivu hatuna. Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Atakayeiona kabla haijakufikia na aisome, kwa maana ubishi wako na Baba sasa umekuwa ubishi wa mji mzima.

Unakumbuka tulivyokuwa tukishuka pwani maji yakitoka, wewe na mtaimbo, mimi na kikapu? Ulibandua matumbawe, nami nikayapandisha mpaka kwenye tanuri la Baba. Yeye alipanga magogo ya mikoko kwa duara, akaweka mawe juu, kisha akatia moto katikati. Moshi wake ulikuwa mzito, ukiingia hadi kwenye vyungu vya majirani, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu nyumba zao zote zilipakwa chokaa yetu. Mawe yakishaungua na kulala kwenye umande yalipasuka yakawa unga, nasi tukirudi nyumbani kope zetu nyeupe kama za vikongwe. Mama, Mungu amrehemu, alitucheka mlangoni, na hakuturuhusu kugusa maji mpaka atufute kwa mafuta ya nazi, tusije tukababuka.

Kisha ukawa mwalimu wa jiografia huko Malindi, ukapanga chumba mtaa wa Barani, na kila Ijumaa ukaja na habari mpya. Siku kontrakta wa hoteli alipotuagiza chokaa ya vyumba vya wageni, Baba alifurahi kama bwana harusi. Tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza kula uliposema, "Baba, kazi hii usiichukue."

"Kwa nini?"

"Moshi haupotei, Baba. Unabaki juu. Wali ukipaliwa makaa juu ya mfuniko unakuwaje? Moto chini, moto juu. Ndivyo dunia inavyofanywa. Na bahari ikipata joto, inapanda."

"Nani amekwambia?"

"Wataalamu. Hata redioni wanasema."

"Na hao wenye viwanda, na hizo ndege zinazotuletea watalii, wamezima moto wao?"

"Bado."

"Basi mimi, mwenye tanuri moja Takaungu, ndiye nitakayeipoza dunia?"

Mimi nilicheka. Wewe hukucheka. Ulimwambia kwa upole, "Huwezi kuipoza, Baba. Lakini mikoko unayoikata unaweza kuiacha, na mawe haya ndiyo yanayovunja mawimbi mbele ya mji wetu. Hata kama wataalamu wamekosea juu ya moshi, hapo hawakukosea."

Baba alinawa mikono. Kesho yake akampelekea kontrakta jibu kwamba kazi haifanyi. Hukuwapo aliponiambia sababu, kwa hiyo sikia leo. Alisema, "Nimemsomesha ili aniambie nisiyoyajua. Nikimkatalia, nilimsomesha cha nini?"

Haukupita muda, tukaona moshi ng'ambo ya mkono wa bahari. Mzee Athumani alikuwa ameichukua kazi ile, tena amejenga tanuri kubwa kuliko letu. Ulipokuja Ijumaa, Baba alikushika mkono akakupeleka ufukweni. "Tazama," akasema. "Moshi uko vilevile. Kilichopungua ni chakula chetu." Nilikuwa nyuma yenu, nikaona mabega yako yalivyoshuka.

Nadhani siku hiyo ndiyo uliyoamua kuondoka. Mshahara wa ualimu haukutosha nyumba mbili, ukapata kazi Arabuni kwenye visima vya mafuta. Nilipokuwa nakukunjia nguo nilikuuliza, "Hayo mafuta hayatoi moshi?" Ukasema, "Yanatoa, tena kuliko matanuri yote ya pwani hii. Usinihukumu, Mwanaisha. Lazima mle." Sikukuhukumu siku ile, na leo sikuhukumu. Tumekula kwa jasho lako.

Nakuandikia kwa sababu ya yaliyofuata. Bamvua lililopita, maji makubwa yalipita pale tulipokuwa tukichimba sisi, yakavuka ukuta wa makaburini. Asubuhi tulikuta kaburi la Mama limetitia upande mmoja, jiwe la kichwani limelala. Baba alilisimamisha, akajaza mchanga kwa viganja vyake, sepetu hakuitaka. Kisima cha msikitini sasa kina chumvi. Tunatawadha kwa maji ambayo hatuwezi kuyanywa.

Wazee wanasema maji makubwa yalikuwapo tangu zamani. Wengine wanasema ni kwa sababu mawe yamekwisha. Wako pia waliokumbuka maneno yako ya moshi, nao ndio wanaolala vibaya zaidi. Mimi sijui ni lipi, kaka. Ninachojua ni kwamba maji hayakuwahi kufika makaburini kabla ya hapo.

Juzi kontrakta yule alirudi. Hoteli inaongezwa, na upande wa Mzee Athumani mawe yamekwisha. Baba alimuuliza, "Mawe utayatoa wapi?" Akanyoosha kidole kwenye kipande cha mwamba kilichobaki, kile kilicho mbele ya makaburi. Baba akasema hapana.

"Mzee, ukikataa wewe, mwingine atakubali."

"Najua," Baba akamjibu. "Nimeshaona."

Leo, tangu maji yatoke, vijana wetu wenyewe wako kule na mitaimbo. Siwalaumu, wana watoto wa kulisha. Nawasikia kutoka hapa nilipoketi, chuma juu ya jiwe, chuma juu ya jiwe. Baba aliteremka, akakaa katikati yao, juu ya mwamba wenyewe, kanzu imelowa. Nilimfuata nikamwambia, "Baba, huwezi kuwazuia wote."

"Sikuja kuwazuia wote," alisema. "Moshi wa dunia siuwezi, mwanangu. Lakini jiwe hili nililolikalia halitaingia motoni leo."

Nikamwacha. Vijana wanachimba wakimzunguka, na hakuna anayemtazama usoni.

Basi nakuuliza, wewe uliyeyaanzisha haya: anachokifanya kina maana? Kama kina maana, rudi ukae naye. Kama hakina, andika umwambie mwenyewe. Mimi sitaweza.

Niishie hapa, kaka. Mitaimbo imenyamaza. Vijana wanapanda na mizigo yao, maji yanajaa kwa kasi, na Baba simwoni kati yao. Nakwenda kumtoa.

Mdogo wako,
Mwanaisha