Nyota ya Issa Mkwanda

Jumatano, 3 Juni 1970

Nishani nne leo. Mbili safi, moja haisomeki, moja ya uongo. Ya uongo kaileta bwana mmoja wa Tandika, eti ya babu yake aliyekufa vita vya Mjerumani. Ukingo umekwanguliwa kwa tupa, jina jipya likachongwa juu yake. Nikampa lenzi ajionee mwenyewe. Kaondoka bila kuaga.

Kamati ya mtaa hapa Temeke inataka ubao wa majina ya vijana waliofia vitani, utundikwe ukumbini kabla ya Saba Saba. Wapo wanaonung'unika kwamba vita vilikuwa vya mkoloni. Mwenyekiti huwajibu kwamba watoto walikuwa wetu. Nishani ikipita kwangu, jina linaandikwa. Isipopita, basi. Mimi mwalimu wa darasa la tano kutoka Kinondoni, mwenye nishani kumi na moja kwenye kopo la biskuti, na foleni nzima inasubiri nikohoe. Napenda. Nisijidanganye.

Ijumaa, 5 Juni

Watu sita. Wa mwisho Bi Somoe, mama mtu mzima wa Newala, anakaa na binti yake Fatuma nyuma ya soko. Mwanawe Issa Mkwanda alichukuliwa na jeshi la Mwingereza kwenda Burma, hakurudi. Zikaja barua na nyota ya shaba. Nyota ameifunga kwenye kipande cha kanga, na kipande hicho ndani ya kingine. Imeng'aa kwa kusuguliwa majivu.

Jina liko nyuma. Limechongwa kwa mkono, herufi zimepanda na kushuka, za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi. Nishani zote za kweli nilizowahi kushika, jina limegongwa kwa mashine, herufi zimejipanga sawasawa. Nikamwambia mbele ya watu kwamba hii siyo. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Nilitegemea atalia. Hakulia. Alinitazama sana, akasema ahsante mwanangu, akaifunga tena. Kuna aliyecheka kwenye foleni, akasema bibi kainunua Kariakoo. Sikumkemea.

Jumanne, 9 Juni

Nishani mbili, safi zote. Fundi ameanza kupiga msasa ubao. Majina kumi na mawili mpaka sasa. Mke wangu ananiita daktari wa vyuma.

Jumapili, 14 Juni

Lazima niandike.

Baada ya ibada alikuja Mzee Nandonde. Hakuja kwa ajili ya ubao, yeye yu hai. Alipigana Burma na kurudi, alitaka tu nizione nishani zake. Akazitandaza mezani, nne. Nikazigeuza moja moja. Hakuna jina. Nyuma kavu, ukingo mkavu.

Nikamuuliza majina yako wapi. Akacheka. Kumbe vita vya kwanza Mwingereza aliandika majina, vita vya pili hakuandika. Zilikuja kwenye viboksi, zote kapa. Waliotaka jina walikwenda kwa sonara, au kwa wachonga vinyago, wakalipa wenyewe. Hasa kina mama waliofiwa. Anasema mama gani atakubali chuma kisicho na jina la mwanawe.

Zangu zote kumi na moja ni za vita vya kwanza. Sikuwahi kushika ya Burma hata moja mpaka siku ile. Na nikasema nina hakika. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mjinga mimi, mjinga mwenye lenzi.

Jumatatu, 15 Juni

Nimetoka shule moja kwa moja hadi kwa Bi Somoe, maneno nimeyapanga. Ya kuomba radhi, ya kurekebisha, na jina litaandikwa.

Nimemkuta anapaka chokaa chumba cha uani. Kaninyanyukia kwa furaha, kaniletea chai na mhogo. Akaniambia kwamba tangu siku ile hapati usingizi kwa furaha. Kwa sababu kama nyota siyo ya Issa, basi Wazungu walimpa chuma cha mtu mwingine. Na kama chuma ni cha mtu mwingine, kifo nacho ni cha mtu mwingine. Chumba anamtengenezea Issa. Atakuwa mtu wa miaka hamsini sasa, huenda na wajukuu, na huenda hali mhogo tena.

Nikanywa chai. Nikaondoka. Neno moja sikulisema. Sijawahi kujichukia namna hii.

Alhamisi, 18 Juni

Nimemweleza Mwenyekiti. Hakukasirika, na hilo limeniumiza zaidi. Jina litaongezwa, anasema, ni kazi ndogo. Ila karatasi ya kamati inataka dole gumba la mama kuthibitisha kwamba mwanawe alifia vitani. Nimeichukua.

Mke wangu anasema niende nikamwambie, hakuna njia nyingine. Najua. Sili. Darasani nimemchapa mtoto kwa kosa la mwenzake.

Jumamosi, 20 Juni

Nimekwenda na karatasi ya kamati mfukoni. Nimerudi na karatasi nyingine.

Bi Somoe anataka tangazo la redio, yale ya kutafuta waliopotea. Alisikia kwamba mwandiko wangu mzuri. Nikaandika. Mungu anisamehe, niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote nilionao. Issa Mkwanda, popote alipo, arudi nyumbani, mama yake yu hai, yuko Temeke kwa dada yake Fatuma. Akataka niongeze kwamba hakuna aliyemkasirikia kwa kuchelewa. Nikaongeza.

Fatuma alikuwa anachambua mchele mlangoni. Hakunyanyua kichwa hata mara moja.

Jumatatu, 22 Juni

Tangazo limo kwenye begi langu. Kulipeleka ni uongo wa pili. Kulichana siwezi.

Jumatano, 24 Juni

Fatuma amekuja shule. Nikatoka darasani. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana, lakini alizungumza polepole. Kila jioni mama anakwenda kukaa kwa jirani mwenye redio, anasikiliza matangazo mpaka yaishe, kesho yake anakwenda tena. Jana kamkimbilia mwanamume njiani, kamshika mkono, si yeye.

Nikamwambia yote. Nyota, Mzee Nandonde, kosa langu. Akasema yeye alijua siku nyingi, maana akiwa msichana ndiye aliyekwenda na mama kwa mchonga vinyago. Kumwambia amemwambia. Mama hamsikii. Anamwamini mwalimu.

"Kaka yangu tulishamlilia tukamaliza," akasema. "Wewe umemfufua. Mzike mwenyewe."

Ijumaa, 26 Juni

Nimekwenda baada ya sala ya Ijumaa. Bi Somoe alikuwa kwenye mkeka wake. Sikukubali chai. Nilijua nikinywa chai nitashindwa.

Nikasema, mama, ile nyota niliikosea. Ni yake. Jina mlilichonga wenyewe, kwa sababu ilikuja bila jina. Akasema nirudie, masikio yake hayakushika. Nikarudia. Akaniomba nirudie tena, nami nikarudia.

"Mara hii una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Kuku alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza. Kisha akauliza kama redio ilikwisha kusema. Nikatoa tangazo kwenye begi, nikamwonyesha kwamba sikulipeleka. Akalichukua, akalikunja, akaliingiza ndani ya nguo. Halafu akaomba ile karatasi nyingine, ya kamati. Sijui alijuaje kwamba ninayo. Akaweka dole mwenyewe, bila kushikwa mkono.

Ndipo akajifunika kanga kichwani akalia. Fatuma akaja akamkumbatia. Majirani walianza kuingia mmoja mmoja, na walipoambiwa ni Issa hawakuuliza zaidi. Nimelia njia nzima mpaka nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumapili, 28 Juni

Sikwenda kanisani. Nimeshinda Temeke.

Bi Somoe kaweka matanga, siku tatu, kama ya msiba mpya. Wanawake ndani, wanaume nje kwenye mikeka. Mzee Nandonde alikuja na nishani zake kifuani. Mwenyekiti kaleta habari kwamba jina limeandikwa, la kumi na tatu. Sikwenda kuangalia. Nilichota maji, nikapasua kuni, nikaketi walipoketi wenye msiba.

Alasiri alipita mtu mgeni, muuza mkaa. Akaegesha baiskeli, akatupa pole, akauliza marehemu amefariki lini. Wazee wakanitazama mimi.

Nikamwambia, Ijumaa.

Akasema Mungu amrehemu, akavua viatu, akaketi nasi.